Pua ya Wande

Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi,
karabai zinazimwa, mizani inalala,
na karani wa mizani hana la kuandika.
Buyegi akanitupia daftari kuukuu:
kurasa tisini, mistari myekundu pembeni,
kumi na nne za mwanzo zimeandikwa upande mmoja
kilo na majina ya wadaiwa wa mwalo wa Kirumba.
"Chukua, utafungia maandazi."
Sikufungia maandazi.

Ukurasa wa kumi na tano: pua.
Pua, pua, pua, pua.
Moja kama kiatu, moja kama pilipili hoho,
moja nilidhani nimeipata,
nikageuza daftari, kumbe kisigino.

Na macho nilikuwa nayapandisha mno.
Kila niliyemchora alikosa paji la uso,
kama mtu aliyebamizwa na mlango.
Nikachukua kijiti cha mshikaki
nikajipima kwenye kioo cha pikipiki ya shemeji:
utosini hadi jichoni,
jichoni hadi kidevuni.
Sawasawa.
Miaka thelathini na mmoja nimeubeba uso huu
nisijue kuwa macho hukaa katikati.

Penseli ikaisha Jumanne.
Mkaa wa jikoni ni mkali, unachana karatasi,
unaotesha ndevu pasipo ndevu.
Bali kijiti cha mpera, kikichomwa ndani ya kopo lililofunikwa,
hutoka laini kama wanja.
Chai ya rangi inafaa shavu, ila iache ipoe.
Rozela huingia nyekundu, hukauka zambarau,
mtoto wa jirani akaonekana amepigwa.
Damu ya sangara usijaribu:
inzi walimla Buyegi mdomo wote.
Udongo mwekundu wa Igoma, ukikorogwa na kiini cha yai,
hushika, hung'aa, haufutiki.
Dada akauliza yai limekwenda wapi.
Nikamwonesha ukurasa.
Akautazama kwa muda. "Huyu ndiye kalila?"

Lakini Wande.
Wande anauza uji na dagaa wa kukaanga langoni mwa mwalo,
miaka sita namwona kila alfajiri,
na sikuweza kuichora pua yake.
Hakai. Anageuka kwa mwenye chenji,
anageuka kwa moto,
anamcheka mtu aliye nyuma yangu.
Pua yenyewe haina mstari.
Inaanza mahali fulani kati ya nyusi, inashuka bila kuaga,
unaistukia tayari imekuwa matundu mawili.
Nilijaribu mara kumi na mbili. Mara ya tisa nilimchora kaka yake.

Daftari likajaa.
Nikarudi mwanzo, migongoni mwa zile kilo,
nikakaa juu ya jiwe karibu na jiko lake,
nikamchora mara ya kumi na tatu:
macho katikati, chai shavuni, mkaa wa mpera nyweleni,
pua nikaiacha wazi, nimechoka nayo.
Akainama kunipa kikombe.
Mafuta ya dagaa yakadondoka kutoka kwenye kijiko chake,
tone moja,
likatanuka taratibu kama fununu,
karatasi ikawa kioo.
Na chini ya shavu la Wande
yakapanda maandishi yangu mwenyewe, kinyumenyume:
Wande, kilo sita, hajalipa.

Nilitaka kufunga. Alikwisha kuona.
Hakutazama macho, wala nywele nilizozihangaikia,
alisoma deni lake kutoka kulia kwenda kushoto,
midomo ikihesabu.
"Hili nililipa."
Akaupokonya mkaa vidoleni mwangu
akalikata kwa hasira, mstari mmoja,
kutoka shavuni mpaka katikati ya uso,
kidole chenye mafuta kikaburuza nyuma yake.

Hapo ndipo ilipokaa.
Kivuli kimoja kinene chini,
juu hakuna kitu, karatasi tupu,
na ni pua, na ni ya Wande.

Buyegi anasema hamfanani hata kidogo.
Wande anasema stakabadhi anayo nyumbani,
kesho ataileta.